Kuku Aliyemeza Benchi

Mama yake Pini hakuwa na dogo. Mteja akiingia kupimwa gauni, kabla hajamaliza kusalimia, bibi alikuwa ameshamkagua kuanzia kichwani hadi visiginoni, ametoa hukumu na kufunga kesi. Mtaa mzima ulimwita Bibi Jaji, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

"Hiyo shingo itakufanya uonekane kama umekabwa," alimwambia mwalimu wa chekechea aliyekuwa akijaribu gauni la harusi ya dada yake.

"Mama," alisema Pini kwa tabu, maana midomo yake ilikuwa imebana pini. Ndivyo alivyopata jina. Alikuwa fundi cherehani, na watu wengi hawakuwahi kumwona bila pini mdomoni.

"Kwani nimesema uongo? Mwalimu, mimi mama yako, nimesema uongo?"

Mwalimu akajitazama kwenye kioo. Kwa bahati mbaya haukuwa uongo. Akavua, akashukuru kwa adabu, akaondoka, na hadi leo haijulikani alivaa nini harusini.

Pini hakuweza kumhamisha mama yake, maana chumba kile cha mbele ndicho kilikuwa karakana, sebule na dunia nzima ya bibi. Cherehani lilikaa dirishani. Katikati palikuwa na meza ya kukatia vitambaa, pana kama kitanda cha watu wawili. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki kilichofungiwa mto, alikaa Bibi Jaji tangu asubuhi mpaka jioni, akifukuza wateja kwa nia njema kabisa.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani bibi alipanda mwenyewe mlima ule hadi barabara kuu, kwenye soko, zahanati na mashoga zake. Mtaa wao ulikuwa wa chini, wa mwisho kabisa wa mji, ule ambao lami ikiukaribia inakumbuka ina shughuli kwingine. Kisha magoti yakagoma. Yalikuwa yakimfikisha nusu ya mlima tu, kwenye kona, na pale yalidai kupumzika.

Sasa usidhani mlima ule haukuwa na pa kukaa. Gereji lilikuwa na benchi. Kinyozi alikuwa na matairi mawili yaliyowekewa mbao. Baa ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa na viti hadi barabarani, na pembeni yake meza ya drafti iliyozungukwa na wanaume ambao hakuna aliyejua wanafanya kazi lini. Pa kukaa palikuwa tele. Wanawake ndio waliokuwa wakipita tu, na mzigo kichwani, na mtoto mgongoni, na mwingine wakimvuta mkono.

Siku moja bibi alijaribu. Alifika konani, akaketi kwenye jiwe mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Haikupita muda mtu akaja kumuuliza kama ameibiwa. Mwingine akamuuliza kama kuna msiba. Wa tatu, kwa wema wake, akampigia Pini simu. "Njoo haraka umchukue mama yako," alisema. "Amekaa."

Pini akatupa mkasi, akapanda mlima mbio, moyo mkononi. Akamkuta mama yake mzima wa afya, amevimba kwa hasira.

"Amekaa!" bibi alirudia njia nzima ya kushuka. "Kana kwamba nimeanguka kisimani. Sipandi tena mlima huu. Wakae wao."

Na kweli hakupanda tena. Ndipo taabu ilipoanza kumwingia Pini kwa pande mbili. Wateja walikimbia, hilo la kwanza. La pili lilimuuma zaidi: bibi mwenyewe alianza kufifia. Alisinzia mchana. Alisahau majina ya mashoga zake wa sokoni. Siku moja aligeuza nyanya mkononi, nyanya ambazo Pini alimnunulia, akauliza polepole kama siku hizi zote ziko hivi. Pini alijibu ndiyo, akageuka kushona, na mstari ukaenda upogo kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Basi, katikati ya hayo akatokea dada wa mipango miji. Alifika kwa miguu, viatu mkononi, maana gari la ofisi lilikuwa limezama kwenye dimbwi lile ambalo kila mwenyeji alilijua na kila mgeni alilikuta. Nyuma yake dereva alibeba ubao mkubwa, na juu ya ubao palikuwa na mtaa wao wote, umetengenezwa kwa maboksi: nyumba, vichochoro, mtaro, mlima, hata baa.

"Nimeambiwa hapa kuna meza kubwa kuliko zote," alisema.

Wanawake wakajaa. Dada akawaeleza kwamba miji mingi ilipangwa na watu wanaotoka asubuhi kwa gari na kurudi jioni kwa gari, ndiyo maana barabara zinajua kwenda kazini lakini hazijui kwenda kliniki na mtoto, kisha sokoni, kisha shule, kisha nyumbani na ndoo. Safari hii mji ungesikiliza wanawake. Akatoa mfuko wenye taa za njiti, choo cha ukubwa wa dadu, na benchi moja la mbao, dogo kama punje ya haragwe.

"Benchi moja?" aliuliza muuza mitumba.

"Bajeti," dada alijibu, akaona haya. Kisha akainua mkono kama anayekula kiapo. "Lakini mtakachoweka, na mahali mtakapokiweka, sitagusa. Zamani wanawake walisema hivi, wakubwa wakaandika vile. Mimi sitawauliza hata kwa nini. Mkiweka tembo, tembo atajengwa."

Akauacha ubao pale mezani, akaenda kusaidia kusukuma gari.

Wiki ile cherehani lilipumzika lenyewe. Wanawake walipokezana kuzunguka meza, na yaliyokuwa hayasemwi yakasemwa. Muuza mitumba alichomeka taa kwenye kichochoro cha nyuma ya gereji, akaeleza kwamba kila jioni hupita pale na jiwe mkononi. Muuza mboga alikiweka choo karibu na soko, akakiri kuwa yeye hanywi hata chai asubuhi ili mchana asitafute pa kwenda. Kila mmoja akakumbuka chai yake. Baa ya mwenyekiti nayo ilionekana mtaroni, kichwa chini. Pini aliirudisha mahali pake. Kesho yake ikawa mtaroni tena. Mwishowe aliiacha, ikakaa huko kwa amani.

Benchi ndilo lililoleta zogo, maana kila mtu alilitaka mlangoni kwake. Liliruka huku na huku hadi likachubuka. Katika zogo lote hilo Bibi Jaji, ambaye alishatoa hukumu kuhusu taa, choo, mtaro na nywele za dada wa mipango miji, hakusema neno. Pini akaliona hilo.

"Na wewe, mama?"

Bibi akanyoosha mkongojo wake juu ya meza, akagusa ile kona ya mlima wa maboksi.

"Hapo," alisema. "Magoti yangu yanafika hapo. Nikipumzika hapo, nitafika juu."

Hakuna aliyebisha. Pini mwenyewe akatoa pini mdomoni, akalichomeka benchi konani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akalala bila mawazo.

Asubuhi yake, jirani mmoja alipita kuchukua sketi yake, kwapani amebana kuku jike aliyemnunua kwa ajili ya wageni. Akamweka mezani ili ajaribu sketi. Kuku akatembea mtaa mzima, akaruka mtaro, akapanda mlima kwa mwendo wa madaha, akafika konani, akasimama. Akalidonoa benchi. Akainua shingo. Likashuka.

"Huyo kuku amemeza maendeleo," alisema Bibi Jaji.

Walimtikisa. Walimgeuza juu chini. Walimbembeleza kwa mtama na kwa maneno matamu. Kuku alikaa na uso mkavu, hatoi kitu. Jirani akasema basi, atachinjwa hata hivyo, watalikuta. Kisha akasita. Ndani ya kuku yule sasa mlikuwa na mali ya serikali, na yeye hakutaka kuitwa na mtu yeyote kueleza aliichinja kwa idhini ya nani. Wageni wakala maharage. Kuku akaendelea kuishi, akawa ndiye kiumbe pekee wa mtaa ule aliyenufaika na mradi kabla haujaanza.

Na honi ya dereva wa ofisi ikalia nje. Amekuja kuchukua ubao, na ana haraka.

Pini akatazama huku na huku. Kwenye kigingi cha mlangoni lilining'inia koti la mwenyekiti, lililoletwa kubadilishwa bitana. Vifungo vyake vilikuwa vikubwa, vya rangi ya damu ya mzee, vyenye matundu manne. Akakata kimoja. Akakichomeka pale konani.

"Watajua kwamba hicho ni benchi?" bibi aliuliza.

"Mama, kitu kilichowekwa katikati ya mlima kwa ajili ya wanawake waliochoka, kitakuwa nini kingine?"

Dereva akaubeba ubao, na Pini akamshonea mwenyekiti kifungo cheusi mahali pa kile, akiomba Mungu asiwe mtu wa kujitazama kifuani.

Yaliyotokea ofisini yalijulikana baadaye, kwa kinywa cha dada mwenyewe. Injinia aliinama juu ya ubao, akasoma taa, akasoma choo, akafika konani.

"Hili duara lenye matundu manne ni nini?"

Dada akakitazama. Hakujua. Lakini alikuwa amekula kiapo. "Ni matakwa ya wanawake," alisema.

"Ya nini sasa?"

"Injinia, huo ndio ugonjwa wetu. Kila mara kuwauliza wanawake ya nini."

Injinia, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameambiwa maneno yanayofanana na hayo nyumbani kwake, hakuuliza tena. Akachukua rula, akapima kifungo, akazidisha.

Mafundi wakaja. Taa zikasimama, choo kikajengwa, na watu wakafurahi. Kisha konani kikaanza kuinuka kitu cha zege, cha mviringo, kimo cha goti, kipana hata ng'ombe wawili wangelala juu yake. Kikawekwa ukingo mnene kuzunguka. Kikatobolewa matundu manne katikati. Na kwa kuwa kazi ya serikali safari hii ilifanywa kwa uangalifu usio wa kawaida, kikapakwa rangi ya damu ya mzee, ikang'aa.

Pini akapanda kukitazama. Alikitambua hapo hapo.

Wanaume wa drafti walikuja kukitazama. Mmoja alisema ni kisima kilichokosewa. Mwingine alisema ni pa kutulia helikopta. Kinyozi akayatazama matundu manne, akasema jamani, acheni kujisumbua, wanawake waliulizwa wanataka nini, wakaomba jiko. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwenyekiti hakucheka, yeye alikuwa anapiga hesabu. "Kwa kuwa wenyewe hawajui ni cha nini," alisema, "sisi tutakipa kazi. Hapa meza za drafti zinaenea vizuri."

Jioni Pini aliporudi, bibi alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Vilikuwa vimefutwa vumbi.

"Benchi langu limefika?"

"Linakuja, mama," Pini alisema. "Wanamalizia." Akajichukia kwa jibu hilo, na kesho yake alilitoa tena, na keshokutwa tena. Kila siku bibi alivivaa vile viatu, na kila jioni alivivua.

Siku ya uzinduzi wakaja wakubwa, wakakalia viti. Mwenyekiti alivaa koti lake. Dada wa mipango miji alisimama kando ya lile duara, akatabasamu kwa wasiwasi, akasema kwamba ofisi ingependa kusikia kutoka kwa wanawake wenyewe maana ya alama hii waliyoichagua.

Wanawake wakatazamana. Pini akapiga moyo konde, akasogea mbele. Hakuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hata sauti yake aliiona ngeni.

"Ni kifungo," alisema. "Kuku alimeza benchi."

Wakubwa wakageukiana. Jirani, aliyeona shoga yake anaachwa peke yake, akatoka kwenye umati na kumwinua kuku juu kama shahidi. "Ndiye huyu," alisema. "Bado yuko nalo."

Pini akaeleza yote, bila kuficha hata koti. Macho ya watu yakahama polepole kutoka kwenye zege hadi kifuani kwa mwenyekiti, pale penye vifungo vya damu ya mzee na kimoja cheusi. Mwenyekiti naye akajitazama. Kwanza alipigwa na butwaa. Kisha uso ukamchangamka.

"Kwa hiyo hiki kifungo ni changu," alisema. "Kimetoka kwenye koti langu. Wanawake waliomba benchi, benchi limeliwa, hilo ni jambo lao na kuku. Hiki ni changu."

Wanaume wa drafti wakapiga makofi. Dada wa mipango miji alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi, akisema jambo kuhusu kiapo. Pini alisimama pale akihisi aibu imempanda hadi masikioni. Benchi lilikuwa moja tu, na sasa mama yake angevaa viatu vile kila siku mpaka lini?

Ndipo wakasikia mkongojo.

Bibi Jaji alikuwa anapanda mlima. Alikuwa amechoka kuambiwa linakuja, akaamua kulifuata. Alipanda anasimama, anapanda anasimama, na Pini alipotaka kukimbia kumshika, bibi alimtolea jicho akarudi nyuma. Alifika konani akihema. Magoti yakagoma pale pale yalipozoea kugoma.

Hakuuliza kitu. Alikitazama kifungo kuanzia ukingo hadi ukingo, kwa jicho lile lile la mlangoni, na kila aliyewahi kushonewa nguo na Pini alibana pumzi. Akakigonga kwa mkongojo. Akageuka, akashika ukingo, akaketi. Kisha akauchomeka mkongojo kwenye tundu mojawapo, ukasimama wima wenyewe, mikono yake ikabaki huru mapajani.

"Kimekaa vizuri," alisema.

Pini hakuwahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa mama yake. Alilia hapo hapo, mbele za wakubwa, wala hakujificha.

"Mama, hicho ni changu," alisema mwenyekiti, kwa heshima lakini.

"Ni chako, mwanangu?"

"Cha koti langu."

"Basi njoo ukifunge."

Watu waliangua kicheko ambacho mwenyekiti hakukipona. Hata wanaume wa drafti walicheka, hata mgeni mkubwa kuliko wote aliyekuwa akijikaza kwa ajili ya cheo. Mwenyekiti akajaribu njia nyingine. Akainama, akauliza kwa upole kama bibi amechoka, kama amwitie mtu.

"Sijachoka," alisema Bibi Jaji. "Nimekaa."

Alikaa mpaka magoti yakaridhika. Kisha akang'oa mkongojo wake, akapanda nusu iliyobaki, akaingia sokoni, akagombana na wauza nyanya wote kwa furaha, na akarudi na nyanya ambazo ziliufanya moyo wa Pini usinyae kwa aibu ya zile alizokuwa akinunua yeye.

Tangu hapo kifungo kikapata wenyewe. Muuza mboga aligundua kwamba tundu linashika mwamvuli. Matundu manne, miamvuli minne, kivuli cha kutosha. Kwa kuwa kilikuwa cha mviringo, mwenye stori alikaa akitazama ndani na mwenye ugomvi alikaa akitazama nje. Kuku naye alianza kuja kutagia kivulini, kando ya tundu la juu, na hakuna aliyemfukuza, maana benchi lilikuwa la kwake kwanza. Wateja wa Pini waliongezeka. Tatizo ni kwamba walijaribu gauni, wakakosa hukumu, wakapanda mlima nalo hivyo hivyo, na uzi unaning'inia, kumtafuta jaji.

Mchana mmoja chumba kilikuwa kimya. Pini alimaliza kola, akaitazama, akataka mtu amwambie haifai. Hakuwapo wa kumwambia. Akaweka pini zote kwenye kijaluba, akafunga mlango, akapanda.

Konani hapakuwa na mtu. Bibi alikuwa sokoni, mchana ule ulikuwa wa joto, na miamvuli ilisimama peke yake. Pini akaketi kwenye ukingo. Hakuwa na mzigo, hakuwa na mtoto, hakuwa na sindano. Mikono haikujua pa kukaa, akaiweka mapajani kama alivyomwona mama yake akifanya. Upepo ulipita. Alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kukaa nje bila kazi mkononi, akakosa.

Mwanamke mmoja wa mtaa wa chini alikuwa akishuka na ndoo ya maji kichwani. Alipomwona akasimama.

"Vipi? Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Pini. "Nimekaa."

Mwanamke akamtazama kwa muda. Akatazama mlima aliobakiza, akatazama kule nyumbani kwake chini, ambako bila shaka walikuwa wakimsubiri yeye na maji. Akaitua ndoo.

"Haya, sogea."